Damu ya Mama Yosia

Siku mliyoniaga mliniomba niseme machache kuhusu kazi. Nilisimama, nikawatazama, nikasema asante na kuketi. Mlidhani nimezidiwa na furaha. Ukweli ni kwamba jambo nililotaka kuwaambia halikuwa la kusemwa mbele ya keki. Nimeona heri niliandike, hasa kwa ajili yenu vijana wa maabara, ambao mnaletewa damu ikiwa kwenye mfuko, imepimwa, ina lebo, na mtoaji wake hamjawahi kumwona.

Vyeo nitaviruka. Vimo kwenye faili langu, na panya wa masjala wameanza kuvisoma.

Nilipangiwa mkoa wa Kigoma mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Singida. Nilipanda treni Itigi, nikashuka Kigoma, na kutoka pale nikapanda lori la serikali hadi Kasulu nikiwa nimekalia sanduku langu la nguo. Hospitali niliyopelekwa ilikuwa ndogo, kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Jina lake siliandiki, kwa sababu waliougua na kufa pale wana ndugu. Nilifika asubuhi yenye ukungu, na baridi ile ilinishangaza. Nilikuwa nimeambiwa nakwenda nchi ya ziwa, nikabeba kanga tupu.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha upande wa mashariki. Dirisha lile ndilo lililokuwa umeme wetu, maana hadubini ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, wagonjwa wa malaria walisubiri. Aliyenipokea ni Mzee Ruhaga, Muha wa Makere, aliyejifunza kazi kabla ya uhuru kwa kuosha vyombo vya wengine. Nilimwamkia "Shikamoo", yeye akanijibu "Marahaba, mwakeye", kwa salamu ya Kiha ya asubuhi, akanikabidhi jiwe la kunolea.

"La nini, Mzee?"

"Sindano, mwanangu. Kabla hujajua damu, jua sindano."

Wiki nzima nilinoa sindano. Siku zile hazikutupwa. Unainoa juu ya jiwe lenye mafuta, unaipitisha kwenye pamba, na ikivuta hata uzi mmoja unarudi kwenye jiwe, kwa maana ile inayovuta pamba itavuta nyama ya mtu. Baada ya hapo unaichemsha. Wiki ya pili nikaruhusiwa kushika kigae cheupe cha kupimia makundi ya damu. Matone mawili ya damu, tone la dawa kwa kila moja, unakiinamisha kigae taratibu na kutazama kama chembe zinashikana. Mzee alinitaka nitamke jibu kwa sauti kwanza, kisha ndipo naye atazame. Nikikosea hakunigombeza. Alikiosha kigae na kuanza upya, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Damu yenyewe tuliikinga kwenye chupa za kioo zenye dawa ya kuizuia isigande, tukaihifadhi kwenye friji la mafuta ya taa. Utambi wa friji lile ulitaka kupunguzwa kila asubuhi mpaka mwali uwe wa buluu. Ukiusahau, ulikuta friji lina moshi, chupa zina joto na Mzee Ruhaga amenuna. Kabla ya kumpa mgonjwa damu, tulichanganya kidogo ya mtoaji na kidogo ya mgonjwa, tukazungusha kwenye mashine ya mkono na kutazama kama zinapatana. Na chupa ikiisha, Mzee aliniagiza nihifadhi mabaki ya mwisho kwenye friji kwa siku tatu.

"Kwa nini, Mzee?"

"Siku mtu akikuuliza ulifanya nini, usiwe na maneno tu."

Kupata watoaji ilikuwa kazi ngumu kuliko kupima. Watu walikuwa wamesikia habari za mumiani, na mwanamke mgeni mwenye koti jeupe na chupa mkononi hakuwasaidia kusahau. Nimeona wanaume wenye mabega kama milango, mke yuko kitandani anavuja damu, wakikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajafungwa.

Ndipo akatokea Mama Yosia.

Alikuwa Mrundi, mmoja wa waliovuka mpaka kukimbia mauaji ya kule kwao. Yeye na mumewe walipata shamba mwendo wa saa moja kutoka hospitali, wakalima mihogo na maharage. Mwanamke mrefu, mkimya, Mkristo wa kusali asubuhi na jioni. Alijifungulia mtoto wake wa mwisho wodini kwetu, na mtoto alipofikisha mwaka na kuachishwa ziwa, mama yake alirudi peke yake, akasimama mlangoni mwa maabara.

"Nimesikia mnatafuta amaraso," alisema. Ndivyo wanavyoiita damu, kwa Kiha na kwa Kirundi pia.

"Una mgonjwa hapa, mama?"

"Sina. Tulipofika tulipewa ugali na watu tusiowajua. Mimi sina cha kuwarudishia. Hii ninayo."

Nilimpima. Kundi O, damu nzito, nyekundu sawasawa. Mzee Ruhaga alimtazama akilala pale mezani ametulia, akatikisa kichwa kwa heshima. Tangu siku hiyo Mama Yosia akawa tegemeo letu. Tulimwita kila baada ya miezi michache, naye alikuja kwa miguu, akanywa chai ya sukari nyingi baada ya kutoa, akarudi shambani. Mara ya kwanza damu yake alipewa mtoto mwenye malaria kali, na mtoto akaamka akaomba uji. Mama Yosia aliposimuliwa alicheka, na ndiyo mara ya kwanza niliyoyaona meno yake.

Mara ya pili damu yake alipewa mama mmoja nitakayemwita Salome. Alikuwa amejifungua salama, kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikamwagika. Daktari Kileo, kijana kutoka Kilimanjaro aliyekuwa ndiye daktari wetu pekee, alilitoa kondo kwa mkono, damu ikakoma. Salome akawekewa chupa moja. Ilipita vizuri. Alikuwa ameanza kuongea na kuuliza mtoto ana uzito gani. Haikutimia saa moja baada ya chupa kuisha, akaanza kuhema.

Nilikuwa pale kwa sababu nilikuja kuchukua chupa tupu. Alikaa kitandani ameshika godoro kwa mikono miwili, anavuta hewa kama mtu aliyekimbia kilima. Povu la rangi ya waridi lilimtoka puani. Daktari aliweka kipimo kifuani, akasikiliza mbele na nyuma. "Mapafu yamejaa maji," alisema. "Tumempa haraka mno, moyo umelemewa." Akamchoma sindano ya kutoa maji kwa mkojo. Akaagiza oksijeni; mtungi ulikuwa na kiasi kidogo, ukaisha. Salome alifariki kabla ya saa nane mchana, na mtoto wake akiwa kwenye kitanda cha pembeni amelala.

Tukaandika kwamba moyo ulilemewa. Lakini Sista Odilia, muuguzi aliyekuwa zamu, aliniambia huku akikunja shuka: "Mwajuma, chupa ile niliihesabu mimi matone. Haikwenda haraka."

Miezi minne ikapita. Akaletwa mpasua mbao mmoja, Kagoma, mwanamume wa miaka kama arobaini, msumeno umemchana paja. Alipewa chupa moja ya ndugu yake na moja ya Mama Yosia. Ile ya ndugu ilikwenda bila shida. Ya pili ilipokaribia kuisha, kifua kikaanza. Kuhema kulekule, povu lilelile. Safari hii oksijeni ilikuwepo. Siku mbili Kagoma alikaa ameegemezwa mito, midomo ya buluu, mkewe akimpepea kwa kanga. Daktari alimpa penisilini akidhani nimonia. Nilipima makohozi yake: hakuna wadudu. Siku ya tatu mapafu yalifunguka yenyewe, kwa ghafla kama yalivyofunga, na mtu akaomba muhogo wa kuchoma.

Daktari Kileo aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwajuma, nakuuliza kama mwenzangu. Damu ile uliioanisha na ya mgonjwa?"

"Ndiyo, Daktari."

"Una hakika hukuchanganya chupa?"

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nikaona wazi Salome akiwa amekufa kwa mkono wangu. Nilikwenda kwenye friji, nikatoa mabaki ya chupa zote mbili, nikamchukua damu Kagoma upya, nikarudia kila hatua mbele ya Daktari na Mzee Ruhaga. Nilitamka jibu kwa sauti. Mzee akatazama. Daktari akatazama. Zilipatana.

"Basi si makundi," alisema Daktari taratibu. "Ni nini?"

Siku ileile nilifungua daftari la watoaji. Jina moja lilikuwa mbele ya Salome na mbele ya Kagoma. Nililitazama muda mrefu nikitumaini litabadilika.

Daktari alisema watu wawili si ushahidi, na kwamba yule mtoto wa malaria alipona kwa damu hiyohiyo. Nikamkumbusha kwamba kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu tuna desturi ya kuiacha chupa isimame mpaka chembe nyekundu zitulie chini, tunafyonza maji ya njano ya juu na kuyamwaga, ili moyo mdogo usilemewe. Mtoto yule alipewa nyekundu tupu. Salome na Kagoma walipewa yote. Daktari akaanza kuzungusha kalamu mezani.

"Usimwite tena," alisema mwishowe. "Lakini usimwambie kitu. Utamwambia nini? Hatujui wenyewe."

Hapa ndipo pa kosa langu, wala halikuwa la maabara. Nilikubali. Ilikuwa rahisi zaidi. Miezi ilipita, Mama Yosia akaona haitwi, akaja mwenyewe. Alikuwa amesikia kuna mtu amejeruhiwa na nyati.

"Leo hatuhitaji, mama. Friji limejaa," nilimwambia.

Mlango wa friji ulikuwa wazi nyuma yangu. Nilikuwa napunguza utambi. Ndani mlikuwa na chupa mbili za dawa na mkebe wa maziwa wa Mzee Ruhaga. Mama Yosia aliutazama mkebe ule, kisha akanitazama mimi.

"Ni kwa kuwa mimi ni mkimbizi?"

"Hapana, mama."

"Sawa," akasema, akaondoka. Nilimwona kwenye ukungu akipanda kilima bila kugeuka. Sikumwita.

Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba mpya hazijaezekwa, na hospitali imejaa, wakati binti mkubwa wa Mama Yosia, Perpetua, alipoletwa kwa machela ya miti. Mimba ilikuwa imeharibika, amevuja damu tangu jana yake njiani. Daktari alimsafisha, damu ikasimama, lakini aliyebaki kitandani alikuwa mweupe viganja na ulimi. Karatasi ya kupimia wekundu wa damu ilionyesha rangi ya chini kabisa. Nilimpima kundi: O.

Mumewe alikuwa A, na baba yake pia. Daktari na Mzee Ruhaga A, mimi B. Sista Odilia alikuwa O, ila alitoa wiki mbili nyuma na bado alikuwa akishika ukuta anaposimama. Dereva alitumwa Kasulu kutafuta, na kwa barabara ile ya masika hatukumtarajia kabla ya kesho yake. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Mama Yosia alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni.

"Leo pia friji limejaa?"

Daktari alinitazama. Alikuwa ameniachia niamue, au alikuwa amechoka. Mpaka leo sijui. Nilimshika yule mama mkono, nikamkalisha kwenye benchi, nikamwambia yote. Salome. Kagoma. Mapafu. Nilimwambia kwamba damu yake ni safi, haina ugonjwa wowote tunaoujua, lakini kuna kitu ndani yake kinachoyajaza maji mapafu ya watu wengine, nasi hatukijui jina. Nilimwambia pia kwamba nilimdanganya.

Hakulia. Aliuliza: "Wale wawili, wote walikufa?"

"Mmoja alikufa. Mmoja alipona."

"Na huyu wangu, bila damu?"

Daktari alijibu mwenyewe. "Bila damu, mama, sidhani atafika kesho."

"Basi mnaniuliza nini?"

Nikasema kuna njia moja, ingawa sina uhakika nayo. Tumkinge sasa, tuiache chupa isimame kadiri mgonjwa atakavyotuvumilia, tuyaondoe maji ya njano yote, tumpe nyekundu. Mzee Ruhaga alitoa jiwe lake la kunolea na kuanza kunoa sindano, na hilo likawa jibu lake.

Saa ile ya kusubiri ilikuwa ndefu kuliko safari ya treni. Chupa ilikuwa mezani mwangu, hakuna aliyeruhusiwa hata kuiegemea meza. Kila baada ya muda Sista Odilia alikuja mlangoni na kutaja mapigo ya moyo ya Perpetua, na kila mara idadi ilikuwa imepanda. Mstari wa njano ulishuka polepole, unene wa kidole, kisha vidole viwili. Daktari alikuja akasema, "Tumpe sasa." Nikasema, "Bado kidogo." Sikuwahi kumwambia daktari bado kidogo. Akarudi wodini. Alipokuja mara ya pili sikubisha. Nilifyonza maji yale kwa mrija uliochemshwa na bomba kubwa la sindano, nikisimama kabla ya kuifikia nyekundu, nikaongeza maji ya chumvi kidogo ili itiririke, tukaitundika.

Mama Yosia alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili na saa ya Daktari mkononi, nikihesabu pumzi. Chupa ilipofika nusu, Perpetua alikohoa. Niliufunga mpira mara moja. Daktari aliinama na kipimo chake, akasikiliza mgongoni, muda mrefu, akiwa amefumba macho.

"Pakavu," alisema. "Fungua."

Alikohoa tena mara mbili alasiri ile, akapata homa kidogo, pumzi zake zikaenda mbio kwa saa moja hivi tukiwa tumeshika mtungi wa oksijeni tayari. Kisha zikapungua. Jioni alimwomba mama yake maji. "Imana ishimwe," Mama Yosia alimshukuru Mungu, akainua kikombe, na maji yakamwagika shukani, mpaka Sista Odilia akakishika kile kikombe kwa niaba yake.

Mama Yosia alinifuata nje nilipokuwa navua koti.

"Yule Salome. Nilimuua mimi?"

"Hapana, mama. Wewe ulitoa. Sisi ndio tulimpa."

"Mlijua?"

"Hatukujua."

"Basi hata nyinyi hamkumuua," alisema. Hakulisema kwa kunifariji. Alilisema kama mtu anayetatua kesi ya mpaka wa shamba na kutaka iishe. Lakini niliona halijaisha kwake. Jumapili iliyofuata alikwenda nyumbani kwa mume wa Salome. Sikujua walisemezana nini, wala sikuuliza. Tangu hapo kila msimu alipeleka huko kikapu cha maharage, na mume yule alikipokea.

Nilihamishiwa Kibondo, na mwishoni mwa miaka ile ya sabini nikapelekwa mafunzoni mjini. Alasiri moja mwalimu wetu alikuwa akieleza juu ya watoaji damu, sisi tukisinzia. Akasema, kama jambo dogo la pembeni, kwamba wamegundua mwanamke aliyezaa mara nyingi anaweza kuwa na damu inayofanya hivi na hivi kwenye mapafu ya anayeipokea; kwamba si maambukizi, wala si kosa la makundi; kwamba tatizo liko kwenye maji ya njano. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilisimama kwenye ukuta nikakumbuka povu la Salome, na sauti ya Daktari Kileo akiuliza ni nini. Alikuwa amekwisha kuhamia mkoa mwingine. Nilimwandikia barua ya mistari minne.

Niliporudi Kibondo nilisubiri siku ya mapumziko, nikapanda basi hadi kwa Mama Yosia. Nilimkuta uani akichambua maharage. Perpetua na mumewe walikuwa wamehamia upande wa Buhigwe na wana watoto wawili. Nilipewa kigoda, nikamweleza kama nilivyoweza: kwamba mtoto akiwa tumboni, kiasi kidogo cha damu yake huvuka na kuingia kwa mama. Damu ya mama huitambua kuwa ya mwingine, hujifunza kuikataa, na somo lile hubaki nayo hata baada ya mtoto kuzaliwa. Mama mwenyewe halimdhuru. Ila ukilichukua na kulitia kwa mtu mwingine, linaweza kuyavamia mapafu yake.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya kuzaa."

"Ndiyo, mama. Si dhambi, si laana. Ni kuzaa tu."

Aliacha kuchambua.

"Nimezaa kumi na mmoja," alisema. "Wewe unawajua saba."

Sikuwa najua hilo. Miaka yote ile nilikuwa nimempima, nimemkinga damu, nimemwandika daftarini, na sikuwahi kumuuliza.

"Wale wanne walibaki kule. Hata hao damu yangu inawakumbuka?"

Nilifikiri kwanza, kwa kuwa sikutaka kumdanganya mara ya pili. "Hata hao," nikasema. "Inaweza kuwa ni hao hasa."

Alitazama viganja vyake, akavigeuza. "Nilitoka kule usiku bila kuchukua hata nguo zao," alisema. "Nikawa nawaza, sina kitu chao hata kimoja."

Kisha akanitajia majina yao, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mkubwa. Kwa mazoea mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu. Niliurudisha magotini, nikasikiliza.